Uzi Wameuweza, Mkono Bado

Prodyuza aliyeanzia kwenye FL Studio, ile programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, na hapa kwetu wengi wetu tumeanzia huko, akikuambia haijui BooBass anakudanganya. Ni kiplagini kidogo cha besi, yaani ala ya ndani ya kompyuta, kinachokuja na programu yenyewe, kina vitufe vitatu vya kuzungusha: sauti nzito, sauti ya kati, sauti kali. Basi. Hakiulizi kama mpigaji anatumia vidole au kipiki, hakina habari na nyuzi nne wala na shingo ya gitaa. Unabonyeza noti, kinatoa "buu". Nimewahi kulipwa hela halali kwa nyimbo zilizosimama juu ya hiyo "buu", kwa hiyo sitaitukana.

Siku hizi vijana wanaingia studio na majina mengine mdomoni. Trilian. MODO BASS. EZbass. Scarbee. "Kaka, kwenye huu wimbo weka besi ya kweli," wanasema, na wakisema "ya kweli" hawamaanishi mtu mwenye gitaa. Wanamaanisha programu ambayo ukiisikiliza utadhani kuna mtu mwenye gitaa. Mimi niliyeanza maisha ya muziki nikipiga besi kanisani kabla sijakalia kiti cha studio, nimezitumia programu hizi kwa miaka, nyingine nazipenda, na bado neno hilo "kweli" linanikwaza.

Tuanze na wanachokiweza watengenezaji wa programu hizi, maana wanakiweza hasa.

Kuna njia mbili za kutengeneza besi ndani ya kompyuta. Ya kwanza ni ya ukarani: unachukua gitaa halisi, unakaa na mpigaji, unarekodi kila noti moja moja, unazipanga kwenye maktaba, na kibodi ikibonyezwa programu inakimbia kuchukua rekodi inayofaa. Trilian ya kampuni ya Spectrasonics, California, ndiyo mzee wa ukoo huu. Ilitoka mwaka 2009 kurithi nyingine iliyoitwa Trilogy, na aliye nyuma yake, Eric Persing, aliwahi kutengeneza sauti za vinanda vya Roland. Maktaba yake ni GB 34. Kwa bando la hapa, GB 34 unaipangia usiku, unaomba umeme usikatike, na unawaambia wa nyumbani wasiguse intaneti.

Kwa nini ukubwa wote huo? Piga hesabu mwenyewe. Chukua gitaa la besi la kawaida, Precision ya Fender, lile umbo ambalo Leo Fender alilitoa mwaka 1951 na mpaka leo ndilo watu wanalolichora wakiambiwa wachore besi. Nyuzi nne, freti 20, vile vijistari vya chuma vinavyokatiza shingo. Ukihesabu na uzi ukiwa wazi, bila kubanwa, kila uzi una nafasi 21, jumla 84. Kila nafasi uirekodi kwa nguvu tano tofauti, kuanzia mguso wa kubembeleza hadi wa hasira: 420. Halafu kila nguvu uirekodi mara nne, kwa sababu kidole cha binadamu hakirudii mpigo uleule mara mbili, na programu ikirudia rekodi ileile mfululizo sikio linashtuka, linasikia cherehani. Hapo umefika rekodi 1,680. Na hizo ni za vidole tu. Ongeza kipiki, ongeza upigaji wa kugonga uzi kwa dole gumba, unagonga 5,040. Bado hujarekodi kuteleza kutoka freti moja hadi nyingine, bado noti zilizozibwa, bado ule mkwaruzo wa kidole kikihama juu ya uzi. Thomas Hansen Skarbye wa Denmark alijijengea jina la Scarbee kwa uvumilivu wa aina hii, na maktaba zake za Rickenbacker, MusicMan, Precision na Jazz Bass zikasambazwa na Native Instruments ya Berlin.

Njia ya pili ni ya ufundi wa fizikia, na kwangu ndiyo inayosisimua. Mwaka 1983 watafiti wawili waliokuwa Stanford, Kevin Karplus na Alex Strong, walichapisha mbinu ya ajabu kwa wepesi wake. Unachukua kelele tupu, kama ile ya redio iliyopoteza stesheni, kipande kifupi tu, ambacho kwa kompyuta ni mlolongo wa namba. Unakizungusha kwenye kitanzi. Kila kikizunguka, kila namba unaichanganya na jirani yake na kuchukua wastani. Wastani unalainisha: sauti kali zinakufa mapema, nzito zinabaki zikififia polepole. Ukisikiliza kinachotoka, ni uzi uliochomolewa. Hakuna gitaa popote, lakini uzi upo. Urefu wa kitanzi ndio unaoamua noti. Kwa rekodi ya namba 44,100 kwa sekunde, uzi mnene wa E wa besi, unaotikisika mara 41.2 kwa sekunde, unahitaji kitanzi cha namba 1,070 hivi.

Tangu siku hizo watafiti wamefika mbali. IK Multimedia ya Modena, Italia, walitoa MODO BASS mwaka 2016, na toleo la pili mwaka 2022 likaongeza besi isiyo na freti na lile besi kubwa la kusimama. Humo ndani hakuna maktaba ya noti zilizorekodiwa kwenye nyuzi. Uzi unahesabiwa papo hapo wakati unabonyeza. Unachagua nyuzi ziwe mpya au zimechoka. Unachagua ziwe juu ya shingo kiasi gani. Kidole unakisogeza: karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, sauti inakuwa kavu na kali, karibu na shingo inakuwa nene na ya mviringo, kama ilivyo kwenye gitaa lenyewe. Diski haiumii, ila prosesa ya laptopu ya zamani italia.

Sasa ukinichezea noti moja ya programu hizi na noti moja ya gitaa langu, zote zimewekwa chini ya ngoma na kinanda, uniulize ipi ni ipi, nitakosea. Nimeshajaribiwa na wenzangu, nikakosea, wakacheka. Uzi wameuweza.

Miaka miwili iliyopita alikuja mteja aliyetaka wimbo wenye ladha ya dansi: beti mbili za rumba taratibu, halafu sebene. Nilikaa na besi ya programu usiku mbili. Nilichagua gitaa, nilichagua nyuzi zilizochoka kidogo, nikapanga nguvu ya kila noti kwa mkono, nyingine 70, nyingine 95, nyingine 110 kati ya zile 127 ambazo MIDI, lugha ya noti za kompyuta, inatupa. Nikaridhika. Kwa bahati, jirani wa studio ni mzee aliyepiga besi kwenye bendi za dansi miaka ya 80, enzi ambazo ukitaka wimbo wako usikike unakwenda kurekodi Radio Tanzania, bendi nzima inapiga pamoja, na ukikosea wewe wote mnarudia. Nikamwita asikilize.

Alisikiliza akiangalia sakafu. Ulipoisha akauliza, "Huyu anaziba na nini?"

"Mzee, hii ni kompyuta."

"Najua ni kompyuta, mwanangu. Nauliza anaziba na nini."

Nilielewa swali kesho yake asubuhi, nikiwa kwenye daladala. Noti zangu zote zilianza vizuri. Hakuna hata moja iliyokuwa imekufa vizuri.

Mpiga besi nusu ya kazi yake ni kunyamazisha. Kidole cha kushoto kinalegea kidogo bila kuachia uzi, kiganja cha kulia kinagusa karibu na daraja, dole gumba linalalia uzi wa juu usiitike wakati wa chini unapigwa. Kila noti ina mwisho wake na kila mwisho una namna yake: kuna wa kukatwa ghafla, kuna wa kuzimika, kuna wa kumezwa na noti inayofuata. Kwenye kompyuta mwisho wa noti ni ukingo wa kijimstari cha rangi kwenye skrini, na sisi maprodyuza hatuutazami kabisa. Tunachora kijimstari kutoka noti hii hadi kinapogusa kinachofuata, tunahamia kwenye nguvu, tunahangaika na nguvu saa nzima. Programu nzuri ina rekodi ya sauti ya uzi ukiachiwa, ina hata noti bubu, ule mguso wa "tk" usio na sauti maalumu. Vyote vimo humo. Ila havijui vitokee wapi.

Kwenye muziki wa kwetu, mwisho wa noti ndiyo muziki wenyewe. Sikiliza besi ya benga, muziki uliokomaa kule Nyanza mikononi mwa watu kama D. O. Misiani, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa wa huku kwetu, Shirati mkoani Mara. Besi inaingia kwa mafungu: inapiga fungu la noti za haraka, inakata, inaacha shimo, inarudi mahali ambapo hukuitegemea. Ukilijaza lile shimo kwa mwangwi wa noti iliyopita, wimbo unakuwa mzito, watu wanakaa. Sikiliza TPOK Jazz, bendi ya Franco, enzi za Decca Mpudi kwenye besi. Rumba inatembea, besi inatamka silabi, na kati ya silabi na silabi kuna hewa. Ndiyo maana wazee walisema gitaa la besi "linaongea". Nilidhani ni sifa za jumla tu. Kumbe walikuwa wanaeleza ufundi.

Hapa ndipo swali linapogeuka: hizi programu zimeusoma mkono wa nani?

EZbass ya Toontrack, kampuni ya mji wa Umeå nchini Sweden, ilitoka mwaka 2020 na wazo la maana sana: unaivutia ndani midundo ya ngoma au kodi za kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, nayo inakuandikia mstari wa besi. Kwa mtu asiyejua besi, ni mwalimu. Lakini kila mwalimu ana kwao. Vifurushi vya mitindo vinavyouzwa kwa programu za namna hii vimejaa roki, metali, kantri, fanki, na katika muziki huo kuna sheria isiyoandikwa kwamba besi na ngoma ya mguu ni pete na kidole. Mguu ukikanyaga, besi ipo. Kwenye rumba na dansi ngoma ya mguu haina ubosi huo. Besi ina mazungumzo yake na tumba, na gitaa la ridhimu linachomeka maneno katikati. Nilishawahi kuipa programu moja, sitaitaja, midundo ya dansi iniandikie besi. Ilinipa gwaride. Kila mguu ulipokanyaga nayo ilikanyaga, kushoto kulia, kushoto kulia. Nilifuta karibu yote nikabaki na noti za kwanza za kila kodi, na hizo ningeziandika mwenyewe kwa dakika mbili.

Silaumu walioitengeneza. Watu hurekodi waliyo nayo jirani. Ninachokataa ni sisi kuipokea hiyo kama "besi ya kweli" bila kuongeza "ya wapi".

Kuna jambo lingine dogo ambalo mpiga kinanda hawezi kuliona mpaka aonyeshwe. Kwenye kibodi, noti ya C ya kati ya besi, ile ya hertz 130.8, yaani mitikisiko 130.8 kwa sekunde, ina ufunguo mmoja. Kwenye Precision ya freti 20 ina makazi manne: uzi wa G freti ya 5, uzi wa D freti ya 10, uzi wa A freti ya 15, na uzi wa E freti ya 20 kabisa, mwisho wa shingo. Noti ni ileile, sauti ni nne. Kwenye uzi mwembamba inang'aa, kwenye uzi mnene uliobanwa juu ina kifua na haikai muda mrefu. Tena magitaa mengi ya umbo la Fender yana ugonjwa unaojulikana: kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7, noti hufa upesi kuliko jirani zake, kwa sababu shingo yenyewe inatikisika na kuinyonya nguvu. Mpigaji mzoefu anaujua ugonjwa wa gitaa lake, anaukwepa, au anautumia.

Programu zilizo makini zinakisia: zinaangalia noti iliyotangulia, zinachagua nafasi ambayo mkono ungefika bila kuruka mbali. Nyingine zinakuruhusu kulazimisha uzi unaoutaka kwa kubonyeza ufunguo wa pembeni. Ni kazi nzuri. Ila mzee wangu wa jirani hachagui kwa ukaribu. Anakaa na mkono mahali pamoja, freti ya 5 hadi ya 8, kidole kidogo kikifanya kazi kubwa, na kila kodi anaizunguka hapo hapo, hata kama kuna uzi wazi uliokuwa rahisi zaidi. Hautumii uzi wazi. Uzi wazi, anasema, unapiga kelele kama mgeni asiyejua nyumba. Nilipoikatalia programu kutumia nyuzi wazi kwenye wimbo mzima, besi ilibadilika kuliko nilipobadilisha gitaa. Hilo ni dokezo la bure kwa anayetengeneza dansi au rumba kwenye kompyuta: kabla ya kununua maktaba nyingine, funga nyuzi wazi, halafu pita ukifupisha noti zako kwa robo.

Najua ninachokaribia kujibiwa na vijana. "Kaka, nani anataka besi ya kweli? Ngoma inatakiwa itikise." Na wana hoja nzuri kuliko wanavyojua wenyewe.

Mwaka 1981 Roland ya Japani ilitoa kimashine kinachoitwa TB-303, kazi ya fundi Tadao Kikumoto. Kilikusudiwa mpiga gitaa aliye peke yake nyumbani, asiye na mpiga besi wa kumsindikiza. Kilishindwa vibaya. Hakikufanana na gitaa la besi hata kwa mtu aliyeziba sikio moja, kukipangia noti kulikuwa adhabu, na kufikia 1984 kiliachwa kutengenezwa. Vikaangukia kwenye maduka ya mitumba. Huko Chicago vijana wa kundi la Phuture walikipata, wakazungusha vitufe vyake wakati kinapiga, kikaanza kulia na kukoroma, na mtindo mzima wa muziki wa dansi za klabu ukazaliwa kwenye koo la mashine iliyoshindwa kuiga. Na hatuna haja ya kwenda Chicago. Lile gogo la amapiano, wanaloliita "log drum", linalotikisa kila harusi kuanzia Mbagala hadi Mombasa lilitoka kwenye DX10, kiplagini cha kawaida cha FL Studio, ndugu wa BooBass, sauti iliyokuwa imekaa humo watu wakiipita. Vijana wa Afrika Kusini hawakuitaka ifanane na besi. Wakaigeuza kuwa besi.

Nakubali yote hayo, na hayanigusi. TB-303 ya Chicago na gogo la amapiano havikudai kuwa mtu. Sikio linavisikia linajua ni mashine, linafurahi na mashine. Kinachonikera ni ule uongo wa nusu: uzi wa kweli kabisa, umechomolewa na mkono ambao haupo. Ni kama sanamu la nta. Ukiliona kwa mbali unalisalimia, ukikaribia unajisikia vibaya kwa kulisalimia.

Jambo la spika nitalipitia haraka ingawa lina mengi. Uzi wa E una hertz 41.2, na spika ya simu haina ubavu wa kutoa sauti ya chini hivyo. Msikilizaji wako wa kwanza anausikia wimbo kwenye simu. Anachosikia cha besi ni ngazi za juu za noti, na ubongo wake unamalizia chini kwa kukisia. Wa pili anausikia kwenye bajaji iliyofungwa sabufa chini ya kiti, ambako kila kitu kinakuwa "buu" tena. Kwa hiyo ule "ukweli" tunaoulipia GB 34, mkwaruzo wa kidole, mlio wa uzi kugonga freti, unaishi katikati, kwenye mamia ya hertz hadi elfu mbili au tatu, mahali ambapo prodyuza wengi wanapapunguza kwa ekwalaiza ili kumpisha mwimbaji. Unanunua kidole halafu unakikata. Mimi siku hizi nagawa besi mara mbili: ya chini naiacha safi, ya juu naipitisha kwenye amplifaya ya kuigiza, ikwaruze kidogo, na hiyo ya juu ndiyo inayoubeba mstari kwenye simu.

Tuje kwenye pesa.

Trilian iliuzwa kwa dola 299 kwa miaka mingi. Piga kwa shilingi, upate jibu lako. Wengi jibu lao ni nakala ya wizi, iliyovunjwa kufuli, inayopitishwa kwa flashi kutoka studio hadi studio pamoja na virusi vyake. Sitajifanya mtakatifu, nimeanza hivyo hivyo. Ila kuna kichekesho kichungu prodyuza anapokwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kulalamikia biti yake iliyoibwa, biti aliyoitengeneza kwenye programu iliyoibwa, kwa besi iliyoibwa. Asiye na uwezo ana njia halali. Ample Sound, kampuni ya China, wanatoa toleo dogo la besi yao ya Precision, Ample Bass P Lite, bure, na kwa ninavyosikia mimi ni bora mara kumi ya maktaba kubwa mikononi mwa mtu asiyejua kufupisha noti.

Lakini swali la pesa lenyewe tunaliuliza vibaya. Programu za ngoma nazielewa kabisa. Kurekodi ngoma kunataka chumba, maikrofoni nane, stendi, muda, na majirani wavumilivu. Studio nyingi za mtaani ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Hapo kompyuta inakuokoa. Besi haina shida hata moja kati ya hizo. Besi unachomeka waya mmoja kwenye kadi ya sauti. Basi. Haihitaji maikrofoni, haihitaji chumba, mbwa wa jirani akibweka haingii kwenye rekodi. Katika ala zote za bendi, hii ndiyo rahisi kuliko zote kuirekodi, na ndiyo tuliyoiharakia kuiondolea mtu. Mpiga besi anatoka Temeke na gitaa mgongoni, anapiga wimbo mzima kwa saa moja, umeshampa nauli na chake, na kwa dola 299 ungemwita mara kadhaa.

Kwa hiyo naitumia lini? Naitumia usiku wa manane, wakati wazo limekuja na watu wamelala. Naitumia na kwaya, kwa sababu mwimbaji wa kwaya atarekodi kwenye G, kesho atakuja na mafua atake F, keshokutwa mwalimu wao atasema pandisheni iwe A, na programu inahama kwa sekunde moja bila kununa. Naitumia kwa prodyuza rafiki yangu aliye wilayani, ambako mpiga besi wa karibu yuko safari ya basi la asubuhi. Na lile besi kubwa la kusimama, lile la vikundi vya zamani vya taarabu ya Unguja, kulipata bara na mtu wa kulipiga ni kazi. Hapo toleo la kompyuta limenisaidia kuandika rasimu ambayo vinginevyo ningeiandika kwa kinanda na kuishia na mstari wa kinanda. Rasimu ndiyo neno lake. Naiandika, naituma kwa mpigaji, naye anaivunja.

Ule wimbo wa mteja wangu tuliuvunja hivyo. Mzee alikuja na gitaa ambalo nyuzi zake, kwa kukiri kwake, hazijabadilishwa tangu mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa. Alichomeka. Akasikiliza rasimu yangu mara moja, kisha akapiga sebene yote bila kusimama. Niliporudi kuangalia mawimbi kwenye skrini nikalinganisha na noti zangu, niliona alichofanya: kwenye kodi ya pili ya kila mzunguko, noti ya mguu wa kwanza, ile inayoangukia pigo la kwanza la ngoma ya mguu, haipo. Mimi nilikuwa nimeiweka kila mara, kwa nguvu 110.

Beti niliacha besi ya kompyuta, maana zilikuwa taratibu na hakuwa na muda wa kuzirudia. Alikuwa anawahi swala ya alasiri. Ila kabla ya kumpelekea mteja nilifungua beti zile nikafuta noti ya mguu wa kwanza kwenye kila kodi ya pili. Mteja alisikiliza mara tatu, akauliza kama tunaweza kuongeza sauti yake kidogo.